Kibandiko cha Somo la Kumi na Nne

Kwa miaka mingi niliamini kwamba kosa ni kitu, kama jiwe au kisu, kitu ambacho kipo hata pasipo mtu wa kukiona. Ofisini kwetu tulifundishwa vingine. Kwetu kosa huanza kuwapo siku linaporipotiwa, kwenye fomu iliyojazwa sawasawa, iliyopigwa muhuri na kuingizwa katika daftari la masjala. Kabla ya hapo ni maandishi tu, na maandishi yaliyochapwa ni kweli. Basi mimi niliyekaa masjala, nikizipokea fomu na kuzirudisha, nilikuwa nani? Watu waliniona karani. Mimi nilikuwa mlango ambao makosa hupitia kuingia duniani, na kuna mtu mmoja ambaye mlango huo niliufunga mbele ya uso wake.

Nitaeleza kwa utaratibu. Utaratibu ndio kitu pekee nilichokijua vizuri.

Mji wetu hauna jina. Una mitaa mitano, na kila mtaa unaishi kwa toleo lake la Kitabu cha Masomo. Waliogawiwa toleo la tano wanakaa hapa karibu na ofisi, na kwao ni leo. Ukienda mbele zaidi unaingia mtaa wa nne, ambako bado ni juzi, kisha wa tatu na wa pili, hadi mtaa wa toleo la kwanza, ambako miaka haijapita. Mtu akitembea kuelekea huko magoti yake hayawi mepesi wala mvi haziondoki. Anazeeka vilevile, ila anazeeka ndani ya siku za zamani. Kitabu ni kimoja na kinaeleza kila jambo: kulea mtoto, kupanda mtama, kuandika barua ya maombi ya kazi, kuchimba kisima. Na tangu ofisi yetu ifunguliwe jua limesimama. Ni saa sita mchana siku zote, kila mtu amekanyaga kivuli chake mwenyewe.

Kabla jua halijasimama kulikuwa na jioni, na mimi ni mtu wa jioni. Sikusoma kama walivyosoma watoto wa watu. Mchana nilibeba marobota ya katani. Jioni nilikaa darasani pamoja na wanaume wenye mikono kama yangu, tunashika penseli kama mtu anayeshika msumari. Cheti cha kwanza nilikipata nikiwa na miaka thelathini na mmoja. Cha pili, arobaini. Picha yangu imetundikwa ukumbini, nimevaa koti, nimeshika kitabu, na chini yake imeandikwa: Mwalimu Ngwale, aliyejisomesha. Hakuna mtu mjini aliyewahi kuniita Ngwale tupu. Mke wangu marehemu aliniita Mwalimu hata alipokuwa ananigombeza.

Siku hiyo Bi Mwanakheri, mkuu wa Ofisi ya Masahihisho, alisimama mbele ya meza yangu na karatasi moja.

"Mwalimu, toleo la sita linakwenda mitamboni leo. Nimepitia masomo yote. Somo la kumi na nne, la kuchimba kisima, halina ripoti hata moja tangu toleo la kwanza."

"Ndiyo, mama."

"Masomo mia mbili, na hilo moja tu ndilo safi. Nani aliliandika?"

"Idara," nikasema. Jalada linasema hivyo: kimetayarishwa na Idara.

"Basi tia saini hapa, kwamba masjala haina fomu yoyote inayolihusu."

Nikashika kalamu. Mzee Chande alikuwa meza ya pili, anakoroga gundi ya unga wa muhogo kwenye kopo. Yeye zamani aliandika kwamba mwaka una miezi kumi na mitatu, na mpaka leo anakwenda mtaa wa nne kubandika sahihisho. Anarudi na vumbi la mawe waliyomtupia, kwa sababu mwezi wa kumi na tatu wameufanya wa mapumziko na hawataki kuurudisha.

"Mwalimu," akasema Chande, "mbona unavuja jasho na feni inazunguka? Saini yenyewe herufi sita."

"Koroga gundi yako."

"Nakoroga. Sisi wenye dhambi kazi yetu ndiyo hii. Nyie watakatifu tieni saini."

Nataka ieleweke ni kitu gani kilikuwa chini ya kalamu ile. Kanuni ya ofisi yetu ni fupi: sahihisho hubandikwa na mkono uleule ulioandika kosa. Hatumtumi mtu. Aliyeandika huchukua gundi na vibandiko, huenda nyumba kwa nyumba, husoma sahihisho kwa sauti mbele ya mwenye kitabu, na mwenye kitabu akisema "bandika", hubandika. Tangu siku hiyo cheo chake huvuliwa, huitwa kwa jina lake tupu, mpaka nakala ya mwisho ipate kibandiko. Nakala ya mwisho haijawahi kupatikana. Watu hurithishana vitabu, huvitia sandukuni, huhama navyo. Chande alikuwa Mwalimu Chande, miaka mingi iliyopita. Hakuna anayekumbuka isipokuwa mimi.

Na somo la kumi na nne niliandika mimi.

Niliombwa kwa sababu ndimi pekee kati ya waandishi niliyewahi kushika sururu. Nilijivuna. Wenzangu walikwenda maktaba kutafuta vipimo. Mimi nikasema sihitaji, nimekua kisimani. Nyumbani kwetu kisima kilikuwa hatua kumi kutoka choo cha shimo, na tulikunywa maji yake tukiwa watoto tisa, na wote tisa tukakua. Nikaandika hatua kumi. Sikuuliza kwa nini baba alichimba kisima upande wa mlimani na choo bondeni. Sikuuliza chini ya kiwanja chetu kulikuwa na mwamba wa namna gani. Nilichukua uwanja wa baba yangu, nikaufanya dunia nzima.

Hatua kumi. Badala ya thelathini.

Niliijua thelathini lini? Swali hili nimelizunguka kwa miaka. Nimejiambia niliijua baadaye, katika cheti cha pili. Nimejiambia hakuna aliyeniambia.

Niliambiwa. Fomu ilitoka mtaa wa toleo la kwanza, kwa mwanamke aitwaye Nyamizi. Fomu yetu ina visanduku vinne: ukurasa, mstari, kilichotokea, saini. Kwenye kilichotokea aliandika: *Tulichimba kama kitabu kilivyosema. Mtoto wetu Kasinde anaharisha.* Hakutaja mstari. Nikairudisha, fomu haijakamilika. Akaileta tena, mstari ameutaja, wa tisa, na chini: *Kasinde bado. Anakataa uji.* Saini ilivuka kisanduku kwa kidole kimoja. Nikairudisha. Yote mawili yalikuwa kwa mujibu wa kanuni, na mkaguzi yeyote angenisifu. Siku ile nilijisifu mwenyewe.

Kalamu ilikuwa bado mkononi. Bi Mwanakheri alikuwa bado amesimama.

Nikafungua mtoto wa meza, nikamwekea fomu. Alizisoma taratibu, moja baada ya nyingine.

"Hizi mbili ni nakala za zilizorudishwa."

"Nilizirudisha mimi."

"Kwa nini?"

"Moja haikutaja mstari. Nyingine saini ilitoka nje."

"Na hii ya tatu?"

"Ya tatu ilikamilika," nikasema. "Sikuiingiza daftarini."

Aliisoma ya tatu. Ukurasa, mstari, saini ndani ya kisanduku, herufi zimeandikwa kwa uangalifu wa mtu aliyejifunza kwa taabu. Kwenye kilichotokea: *Tumemzika jana.*

Feni ilikuwa inazunguka. Chande aliacha kukoroga.

"Somo uliliandika wewe," akasema Bi Mwanakheri. Hakuwa anauliza.

"Ndiyo, mama."

"Nitaizuia mitambo. Chukua gundi, Ngwale."

Hivyo tu. Nilidhani jina tupu lingeniingia kama baridi. Liliingia kama kitu kinachowekwa mahali pake. Chande akanisogezea kopo lake. "Changanya maji kidogo," akasema, "ikiwa nzito inakunja karatasi. Na usiseme samahani kabla ya kusoma. Ukisema samahani kwanza, wanakukaribisha chai, halafu husomi tena."

Nikabeba vibandiko. Kila kimoja kilisema: *Somo la 14, ukurasa wa 61, mstari wa 9. Badala ya hatua kumi, soma hatua thelathini.* Nikaanza kutembea kurudi nyuma, na nitasema kweli ni nini nilichokuwa nakitumaini, maana bila hicho nisingetembea. Nilitumaini kwamba huko mtaa wa kwanza, ambako miaka haijapita, kisima kilikuwa hakijachimbwa. Kwamba ningemkuta Nyamizi amesimama uwanjani, anahesabu hatua, ya saba, ya nane, nami ningemwambia, endelea dada, usisimame. Kosa langu lingekuwa halijawahi kutokea, nami ningekuwa nimepoteza jina tu. Jina ningeweza kulipoteza kwa bei hiyo.

Mtaa wa tano hawakuwa na shida. Walitoa vitabu wakiwa wanatazama pembeni. "Sisi tuna bomba, mzee. Bandika popote." Mtaa wa nne walinifungia milango, wakidhani nimekuja kwa ajili ya mwezi wao. Nikaapa nitawarudia.

Mtaa wa tatu nilimkuta Mloka, fundi wa visima, amekaa juu ya lundo la kokoto. Nilimsomea sahihisho.

"Rudia namba."

"Thelathini."

"Mzee, mimi nina cheti. Swali la kwanza la mtihani lilikuwa hilo: kisima kichimbwe hatua ngapi? Nikaandika kumi, nikapata alama zote. Kaka yangu aliandika thelathini, kwa sababu babu yetu alimwambia thelathini. Akafeli. Sasa anauza kuni. Nani alisahihisha ule mtihani?"

"Ofisi yetu."

"Wewe?"

"Mimi."

Akacheka, kicheko kisicho na furaha ndani. "Kwa hiyo ukibandika hicho, mimi niliyefaulu ninakuwa mjinga, na mjinga wetu anakuwa amefaulu. Visima vyangu arobaini na kitu vinakuwa nini?"

"Vinakuwa arobaini na kitu vya kufukia, fundi. Sijui namna ya kukwambia vizuri."

"Hujajaribu kuniambia vizuri." Akafungua kitabu, akakishika kwa nguvu ili nisikiguse. Kisha akakilegeza. "Bandika. Lakini kwa kaka yangu unakwenda wewe, leo hii. Mimi uso wa kumwambia sina."

Nikaenda. Kaka yake alisikiliza akiwa amebeba mzigo kichwani, hakuutua. Alisema, "Nilijua," akaendelea na safari yake. Hakusema bandika. Hakuwa na kitabu tena.

Njia ya kwenda mtaa wa kwanza inapitia mtaa wa pili, na mtaa wa pili una kizuizi: dirisha lenye nondo, na nyuma yake karani. Nilipokaribia nililiona koti kabla ya kuuona uso. Lilikuwa koti langu, la kwenye picha. Alikuwa na masharubu niliyoyanyoa zamani. Alikuwa mimi, mwenye cheti kimoja anayetafuta cha pili, na alikuwa amekaa kwa namna niliyokuwa nikikaa, mgongo haugusi kiti.

"Shikamoo," akasema bila kuinua macho.

"Marahaba. Nataka kupita. Nina sahihisho la mtaa wa kwanza."

"Fomu."

"Wewe unajua kilichomo. Iko kwenye mtoto wa meza, upande wa kulia."

Mkono wake ulikwenda kwenye mtoto wa meza, ukaufunga vizuri zaidi. "Fomu, mzee."

Akanipa moja. Nikajaza ukurasa. Nikajaza mstari. Nilipofika kilichotokea nikaanza kuandika, kuhusu uwanja wa baba, kuhusu mwamba, kuhusu mkono uliopiga muhuri wa kurudisha, kuhusu uji uliokataliwa, na kisanduku kikajaa kabla sijafika kwa mtoto. Nikaandika pembeni. Nikageuza nyuma ya karatasi. Kijana yule, kijana huyu, alinisubiri kwa adabu kubwa. Hakuwa mkatili. Ndilo lililonitisha: nilimtafuta mkatili usoni mwake ili nimkane, nikamkosa. Nilimwona mtu anayeogopa kurudi kwenye marobota ya katani. Mtu anayeamini kwamba kila karatasi iliyokamilika inamsogeza hatua moja mbali na ghala, na kila karatasi mbovu ni mkono wa ghala unaomvuta koti. Angemrudishia fomu hata mama yake.

"Umeandika nje ya kisanduku," akasema.

"Kisanduku ni kidogo."

"Kisanduku kinatosha, mzee, mtu akijua anachotaka kusema. Rudi ukajifunze kufupisha. Kuna masomo, bado yanaitwa ya jioni, mimi mwenyewe ninayahudhuria." Alisema hivyo kwa wema kabisa.

"Kuna mtoto anakufa."

"Imo kwenye fomu?"

"Imo. Nyuma."

"Nyuma hatusomi."

Tukatazamana kupitia nondo, na hapo nikaelewa nguvu aliyonayo na mahali inapokomea. Yeye huona karatasi. Mtu mwenye karatasi mbovu anaweza kumzuia. Mtu asiye na karatasi hayupo. Nikaichana fomu, nikaviweka vipande mfukoni, nikapita mbele ya dirisha. Hakuniona. Aliita, "Anayefuata," akautazama utupu niliokuwamo, akagonga muhuri mezani kujaribu wino.

Mtaa wa kwanza ulikuwa kama nilivyoutumaini. Kuta mpya, rangi mbichi, vitabu bado vinanuka gamu ya kiwandani. Nikatembea haraka kuliko umri wangu. Nyumba ya Nyamizi nilikuwa naijua kwa anwani. Nilikuwa nimeiandika mara mbili juu ya bahasha za kurudisha.

Alikuwa uwanjani, mwanamke wa miaka thelathini hivi, anasukuma udongo kwa jembe kwenye shimo la mviringo. Anafukia. Upande wa pili wa kiwanja, mbali, kulikuwa na kisima kingine chenye kuta mbichi. Sikuhitaji kuhesabu.

"Hodi," nikasema.

"Karibu."

"Mimi ni Ngwale. Natoka Ofisi ya Masahihisho."

Aliendelea kusukuma udongo. "Umechelewa kwa fomu tatu," akasema.

Nikakumbuka aliyoniambia Chande. Sikusema samahani. Nikatoa kibandiko nikakisoma kwa sauti, ukurasa, mstari, badala ya, soma. Akanisikiliza akiwa ameegemea mpini.

"Hilo tunalijua. Nimewaambia majirani wote, wameandika kwa kalamu ndani ya vitabu vyao. Mtaa huu wote tuna thelathini. Ulitaka kutuletea nini ambacho hatuna?"

Nikakishusha kibandiko.

"Ile fomu ya kwanza ilikufikia?"

"Ilinifikia."

"Nilijiambia imepotea njiani. Mume wangu akasema hapana, imerudi na muhuri, mtu kaisoma. Nikamwambia mtu akiisoma hawezi kuirudisha." Alifuta jasho kwa upande wa kiganja. "Siku ulipoisoma, Kasinde alikuwa hai?"

"Alikuwa hai. Uliandika anaharisha."

"Na wewe ulikuwa unajua ni kisima."

Hapa ndipo nilipokuwa nimefika kwa miaka yote, na kila mara nimegeuka. Ningeweza kusema nilishuku. Ni neno zuri, shuku. Lina nafasi ya mtu kujificha.

"Nilijua," nikasema. "Niliposoma neno kuharisha, nilijua. Nikatafuta kilichokosekana kwenye fomu."

Hakulia wala hakunitukana. Aliingia ndani akatoka na Kitabu cha Masomo na kalamu ya risasi, akaviweka juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Andika hivyo."

"Kibandiko kina maneno yake, mama. Yamekwisha pangwa."

"Kina nafasi chini. Andika hivyo, na jina lake, halafu ubandike. Sitaki namba. Namba ninayo."

Nikachuchumaa. Mkono wangu, uliosifiwa kwa mwandiko katika kila darasa nililokaa, uliandika kama mkono wa mtu anayeshika kalamu kwa mara ya kwanza: *Fomu ilipofika Kasinde alikuwa hai. Ngwale alijua, akairudisha.* Nikapaka gundi, nikabandika, nikalainisha kwa kidole gumba mpaka pembe zikatulia. Alisoma midomo ikitikisika. Kisha akafunga kitabu, akachukua jembe.

"Vilivyobaki uviandike hivyohivyo. Vyote."

"Vyote, mama."

"Nyumba inayofuata ni ya bibi. Ana vitabu viwili."

Hakuniangalia tena. Nyumba ya pili mlango ulikuwa wazi, na bibi mmoja alikuwa amekaa kwenye mkeka, anachambua kunde kwenye ungo. Nikaandika maneno yale kwenye vibandiko viwili nikiwa nimesimama mlangoni, nikaingia, nikapiga magoti ili nilingane naye, nikasoma yote hadi mwisho.

Akatega sikio, ungo mikononi. "Masikio yangu hayako sawa, baba," akasema. "Nimepata mwanzo tu, pale pa kisima. Hapo chini umesemaje?"

Nikasogea karibu, nikasoma tena, kwa sauti.